Jike mbebaji hageuzi damu ya watoto

Huku Kasulu wafugaji wengi husema kiinitete (mimba changa kabisa) cha nguruwe wa kisasa kikipandikizwa kwa jike wa kienyeji, watazaliwa chotara. Hapana! Kiinitete kina urithi wote wa baba na mama yake. Mbebaji hutoa tumbo, lishe na maziwa. Jike mweusi tii anaweza kuzaa watoto weupe pe, wa aina ya kisasa ya Large White kamili, akajilaza ubavu na kuwanyonyesha kama wake.

Ugumu wenyewe uko kwenye kugandisha kiinitete ili kitunzwe kabla ya kupandikizwa. Kiinitete cha nguruwe kimejaa mafuta, hakivumilii baridi kama cha ng'ombe. Ndiyo maana hupoozwa ghafla mno, maji yake yasigeuke vipande vya barafu vya kuchana seli, kisha hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.