Mpweke, au mtu aliyetawa?

Wiki iliyopita nilikuwa nahariri tafsiri ya hadithi. Mhusika mmoja, fundi saa, Jumamosi nzima hujifungia chumbani na redio yake, ameshiba, moyo wake kwatu. Mfasiri kamwita "mpweke". Nikalikata.

"Peke yake" ni hesabu tu: yupo mmoja, hakuna wa pili. Upweke humfika mtu kama njaa, na unaweza kumkuta hata katikati ya harusi. Neno "ukiwa" ni zito zaidi, lina kufiwa na kuachwa ndani yake. Faragha nayo haikufaa, maana hata wawili huwa faragha.

Mfasiri akaleta "anayejitenga". Kisarufi yuko sawa: kutengwa ni kufanyiwa, kujitenga ni kutaka mwenyewe, na ile -ji- ndiyo inayobeba hiari. Ila mtaani hilo ni shtaka. Ukisikia "yule bwana anajitenga", jua haonekani misibani, na kinachofuata ni "anajisikia".

Mimi nikapendekeza kutawa. Ni kukaa ndani, kujiweka mbali na pitapita za watu. Pwani limezoeleka zaidi kwa mwanamke asiyetoka ovyo, na hapo hiari ina mashaka, kwa sababu kuna pia kutawisha: mtu hutawishwa na mwingine. (Wa Mombasa watacheka, maana kwa Kimvita tawa ni chawa.) Wakatoliki wamelichukua kwa namna yao: mtawa ni bruda au sista, kama wale wa abasia (makao ya watawa) za Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania. Kinachonifurahisha zaidi ni Biblia ya Union ya 1952, yenye sura nyingine ya neno hilohilo, "utauwa", kwa maana ya ucha Mungu. Katika Matendo 10 Kornelio ni "mtu mtauwa", naye ni akida wa jeshi mwenye nyumba iliyojaa watu! Kujitenga kumedondoka njiani, uchaji umebaki.

Mfasiri akanijibu kwamba nikiandika "fundi alikuwa mtawa", msomaji wa Songea, jirani na Peramiho, atamtafutia kanzu na rozari. Kweli. Basi nomino tukawaachia masista, tukabaki na kitenzi, ambacho bado hakijavishwa kanzu: "Jumamosi fundi hutawa na redio yake, hata mlango ukigongwa haitiki."