Fumo Liyongo: wamekiharibu kisa, au hatukukijua?

Wengi wetu tulikutana na Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani ya Kenya, darasani, kwenye mada ya mighani, akiwa amebanwa ndani ya aya mbili: jitu la miraba minne, adui wa mfalme wa Pate, anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwisha. Ndiyo maana kisa kikichezwa jukwaani au kikiandikwa upya, hakosi mtu wa kusema wamekiharibu. Ukimwuliza kilikuwaje kabla ya kuharibiwa, anakutajia zile aya mbili.

Wanaojua zaidi watakutajia utendi. Huo, wanasema, ndio kisa chenyewe, mengine ni nakala. Lakini utendi huo aliuandika Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kufikia hapo Edward Steere, mmisionari aliyekaa Unguja, alikuwa ameshachapisha kisa hicho kwa nathari tangu 1870. Na wote wawili walikuta watu wanasimulia, wanaimba. Kijumwa naye alikuwa msimulizi wa zamu yake, ila zamu yake aliicheza vizuri mno.

Dhana nyingine, na hii ndiyo inayoniudhi, ni kwamba Liyongo ni misuli tu. Tazama kisa cha makoma, matunda ya mkoma. Waliotumwa na mfalme kumwua wanamwalika wale kikoa porini: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake, na zamu yake ikifika wamfume akiwa juu. Zamu inafika. Yeye anachagua mkoma mrefu kuliko yote, kisha hapandi. Anavuta upinde na kuyaangusha makoma kwa mishale, amesimama chini. Msomaji anacheka, wale wenzake wanabaki wametoa macho.

Au gerezani, alikofungwa na mfalme. Walinzi wanakula chakula kizuri anachotumiwa na mamake, yeye wanamwachia makombo. Basi anatunga wimbo, anamwimbia kijakazi Saada mbele yao: mama apike mkate wa wishwa, yaani pumba, ndani yake atie tupa. Wao wanasikia wimbo tu. Mkate ukija wanaudharau, apewe mfungwa. Kisha anaomba apigiwe ngoma ya gungu, na watu wanapocheza kwa kelele za matari na pembe, yeye anakata pingu. Ukisoma kimoyomoyo unapata hila. Ukiimbiwa, unajikuta umekaa upande wa walinzi: umesikia kila neno, na bado sauti imekupumbaza. Mtu ambaye hajawahi kusikia beti hizi zikiimbwa bado ana deni na kisa hiki.

Kuhusu "ukweli" wa muuaji wa Liyongo: utendi unasema ni mwanawe, aliyeahidiwa kumwoa binti wa mfalme. Masimulizi mengine humtaja mpwa. Tarehe za Liyongo nazo wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa, na si Lamu na Pate tu wanaomdai. Wapokomo wa mto Tana wanamsimulia pia, na kaburi huonyeshwa upande wa Kipini.

Sasa tamthilia. Kithaka wa Mberia alipotoa Kifo Kisimani mwaka 2001, shujaa aliitwa Mwelusi, mtawala akawa Mtemi Bokono, nchi ikawa Butangi, na ugomvi ukawa wa haki za raia badala ya kiti cha ufalme. Wapo walioona huyo si Liyongo tena. Mimi naona kinyume. Kisima kipo, usaliti wa mtu wa karibu upo, hofu ya mtawala kwa mtu anayependwa na watu ipo. Kilichobadilika ni nani anayeogopwa na kwa nini, na hapo ndipo utamu wa kusoma vyote viwili: unajua kisima kinakuja, hujui safari hii kitawafanya nini watu wa mji.

Katika utendi kinawafanya hivi. Liyongo amechomwa usingizini, anaamka, anakimbilia kisimani na kupiga goti, mshale umo kwenye upinde. Anafia hapo hapo, na haanguki. Watu wanakuja na mitungi, wanamwona, wanarudi mbio. Mji unashikwa na kiu. Anaitwa mama mtu aje ambembeleze mwanawe, naye anambembeleza maiti, mpaka siku mwili unapoanguka wenyewe.