Biskuti za Bourbon Hazina Wiski

Wapo wanaozikwepa biskuti za Bourbon, zile za kakao zenye krimu ya chokoleti katikati na chembe za sukari juu, wakidhani zimetiwa wiski ya Kimarekani yenye jina hilohilo. Hofu yao naielewa kabisa. Kwa mwenye kuchunga halali, jina hilo linatia shaka. Lakini halikutoka kwenye chupa. Kiwanda cha Peek Freans cha Bermondsey, London, kilizitoa mwaka 1910 kwa jina la Creola, na baadaye zikapewa jina la Bourbon, ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Kiwanda hicho kilipenda majina ya wakubwa: Marie, ya mwaka 1874, ilitengenezwa kwa heshima ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi. Mwenye wasiwasi asome viambato kwenye pakiti: unga, sukari, mafuta, kakao.