Nyumba za mbao za York na ile stori ya meli kuukuu

Jamani ile meseji bado inazunguka kwenye magrupu, eti nyumba za kale za fremu za mbao kule Uingereza, kama zile za mtaa wa Shambles pale York, duka chini makazi juu, zilijengwa kwa mbao za meli zilizovunjwa. Kwa nyumba nyingi sio kweli. Mafundi walichonga mti wa mwaloni (oak) ukiwa mbichi na bado laini, wakaunganisha fremu chini kwanza ndo wakaisimamisha, kwa hiyo ukisogea karibu na maungio mara nyingi unaona alama zimechanjwa kama namba za Kirumi, III huku na III kule, kuonyesha kipi kinaingia wapi, yaani mbao zilichongwa kwa ajili ya nyumba hiyo hiyo, sio meli. Wataalamu nao wanasoma pete za mti, ile miduara ya ukuaji ndani ya mbao, kujua ulikatwa lini.

Kinachochanganya watu ni matundu matupu kwenye mbao na nguzo zilizopinda, wakadhani zimetoka kwenye meli. Matundu mengi ni ya ukuta ulioondolewa au mbao iliyotoka nyumba nyingine, na mti uliopinda ulichaguliwa makusudi. Halafu London kuna duka moja la miaka ya 1920 lililojengwa kweli kwa mbao za meli mbili za kivita, basi watu wakaona zote ziko hivyo. Ikikufikia meseji hiyo naomba usiifowadi, mtumie aliyekutumia hizo alama za III.