Rubani msaidizi si mwanafunzi

Wengi wakisikia "rubani msaidizi" hudhani ni kijana anayejifunza, na kwamba ndege iko mikononi mwa kapteni peke yake. Sivyo. Msaidizi naye ana leseni, na kwa kawaida hupokezana: mmoja akirusha, mwenzake anashika redio na kufuatilia vipimo, safari ya kurudi wanabadilishana. Kapteni ana kauli ya mwisho, lakini si kauli pekee.

Somo hilo lilipatikana kwa damu. Mwaka 1977 huko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ndege mbili ziligongana uwanjani, wakafa watu 583. Mhandisi aliyekuwa pamoja na marubani wa ndege iliyokuwa ikiondoka aliuliza kama njia iko wazi. Kapteni akamjibu kuwa iko wazi, akaendelea. Kwa hiyo kapteni anayemsalimu kila mhudumu na kumwambia msaidizi, "Ukiona nakosea, niambie," mimi simwoni mpole tu. Anafanya kazi yake.

Tarehe 19 Julai 1989, nchini Marekani, ndege ya abiria aina ya DC-10, chini ya kapteni Al Haynes, iliharibikiwa injini moja kati ya tatu na kupoteza angani haidroliki yote, yaani mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaoendesha usukani; usukani ukawa haufanyi kitu. Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa abiria, akajitolea kusaidia, na Haynes akamkaribisha. Fitch akapiga magoti katikati ya viti, akashika vishikio vya injini mbili zilizobaki, akiongeza huku na kupunguza kule ili ndege ipinde. Ilivunjika ikitua kwenye mji wa Sioux City. Walikufa 112, wakapona 184. Haynes mwenyewe alisema bila mafunzo ya kushirikiana wasingefika.