Siku saba Roma na Athens: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi wanaopanga wiki moja katika miji ya kale ya Mediterania huanza na ramani, na ramani ndiyo inayowaponza, kwa kuwa juu ya karatasi Barcelona, Roma, Athens na Istanbul huonekana zimekaribiana kama Tanga na Pangani.

Dhana: Wiki moja inatosha miji minne.

Wiki ya msafiri haina siku saba. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kupitia Addis Ababa au Doha hupoteza siku ya kwanza njiani, na ya mwisho huishia kwenye kufunga mizigo na kusubiri ndege, hivyo hubaki na siku tano. Kila kuhama mji hula nusu siku, hata kama ndege yenyewe huruka saa mbili tu kama ile ya Roma hadi Athens, kwa sababu kuna kukabidhi chumba, kufika uwanjani mapema, kukaguliwa na kusubiri sanduku. Mwenye miji minne basi huhama mara tatu, na siku moja na nusu kati ya zile tano zimekwenda. Kwa maoni yangu miji miwili ndiyo kiasi, na tiketi ikatwe ya kuingilia Roma na kutokea Athens, ili mtu asirudi alikotoka kwa ajili tu ya kupanda ndege ya nyumbani.

Dhana: Kutoka Italia hadi Ugiriki ni kuvuka kidogo kwa meli.

Treni ya Roma hadi Bari, bandari ya Italia, huchukua takriban saa nne, meli ya Bari hadi Patra, bandari ya Ugiriki, husafiri usiku kucha na sehemu ya siku ya pili, na kutoka Patra hadi Athens bado kuna zaidi ya kilomita 200 za barabara. Hiyo ni safari ya mwenye wiki tatu.

Dhana: Visa ya Schengen hufungua Mediterania yote.

Visa hiyo, iliyo moja kwa nchi nyingi za Ulaya zikiwemo Italia na Ugiriki, huruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini Uturuki, Misri, Tunisia na Moroko hazimo. Anayetoka Athens kwenda kutazama Istanbul kwa siku mbili, huku visa yake ni ya kuingia mara moja, hawezi kurudi Athens kwa visa hiyo, kwani mara ile moja ameshaitumia. Tena ombi halipelekwi kwenye ubalozi wowote wenye foleni fupi: hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingilia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasicheleweshwe zaidi ya siku 15 kabla yake, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Dhana: Tiketi zitapatikana getini.

Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale cha Athens, huruhusu watu wasiozidi 20,000 kwa siku, tena kwa saa zilizopangwa. Tiketi ya Colosseum, uwanja wa kale wa michezo wa Roma, hubeba jina la mgeni na saa ya kuingia, kwa hiyo jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Na sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tukumbuke kwamba 9:00 ya tiketi ni saa tatu asubuhi.

Dhana: Aliyezaliwa pwani hawezi kushindwa na joto la Ugiriki.

Joto la Julai na Agosti ni kavu, hupita nyuzi 40 siku zikichachamaa, na kilima cha Acropolis ni mwamba mtupu usio na kivuli. Julai 2023 wakuu walilazimika kukifunga saa za mchana. Marumaru ya njiani imesuguliwa na nyayo hata inang'aa, na kiatu chenye soli laini huteleza. Roma ina nafuu yake: mabomba ya mtaani hutoa maji baridi ya kunywa bila malipo, kwa hiyo beba chupa.

Dhana: Pompeii hutazamwa kwa saa moja.

Pompeii ni magofu ya mji wa Kirumi karibu na Napoli. Treni ya kasi kutoka Roma hufika Napoli kwa kama dakika 70, halafu kuna treni ndogo ya kandokando ya volkano ya Vesuvius. Mji huo, uliofukiwa na volkano hiyo mwaka 79, una hekta zipatazo 66, na thuluthi mbili zimefukuliwa. Barabarani kuna mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, na mawe makubwa ya kuvukia yaliyoachiwa nafasi ili magurudumu yapite. Pembeni kuna vibanda vya mamantilie wa zamani, meza zake za mawe zikiwa na matundu ya duara ilimokaa mitungi ya chakula. Tenga siku nzima.