Je, wajua kwa nini kubadilisha rejeta kunaweza kuwasha taa ya eabegi?

Pikapu imeingia gereji kwa sababu rejeta inavuja. Inatoka na rejeta mpya, maji hayadondoki tena, lakini kwenye dashibodi imewaka taa nyekundu ambayo asubuhi haikuwapo: mtu aliyekaa, na duara mbele ya kifua chake. Hiyo ni taa ya eabegi. Mwenye gari ana haki ya kuuliza: mfuko wa hewa umo ndani ya usukani, rejeta iko mbele kabisa, vinahusiana nini?

Vinahusiana sana. Mfuko hukaa ndani, ila mwenye kuuamsha amekaa puani mwa gari. Pikapu kama Toyota Hilux huwa na vitambuzi viwili vya ajali upande wa mbele, kimoja kushoto na kingine kulia, vikiwa vimefungwa kwa bolti kwenye vyuma vilivyo jirani na rejeta. Ni viboksi vidogo vinavyoenea kiganjani, na mara nyingi plagi zake ni za njano. Fundi akiichomoa plagi moja ili apate nafasi ya kufanya kazi, kisha akasahau kuirudisha, kompyuta ya eabegi hugundua mara tu swichi inapofunguliwa.

Kwa nini viwekwe mahali ambapo ndipo panapopondeka kwanza? Kwa sababu ya muda. Huko Marekani kuna jaribio la kuligongesha gari ukutani kwa mwendo wa kilomita 56 kwa saa. Mwendo huo ni zaidi ya mita 15 kwa sekunde. Igawe sekunde moja mara elfu, uhesabu vipande 20 tu: pua ya gari imeshabonyea karibu sentimita 30, na dereva bado yuko wima kitini kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo uamuzi wa kuufyatua mfuko unapotakiwa, maana mfuko nao unahitaji vipande kama 30 ili ujae, na lazima uwe umejaa kabla uso haujaufikia. Kupepesa jicho huchukua zaidi ya vipande 100.

Pikapu ina ugumu wake wa ziada. Gari dogo la kawaida bodi yake ni kitu kimoja, kwa hiyo mshtuko wa mbele hufika ndani upesi. Pikapu nyingi zina chesisi chini, na kebini imekalishwa juu yake kwa raba. Raba hizo ndizo zinazotuokoa migongo kwenye barabara ya vumbi, lakini wakati wa ajali huchelewesha habari. Chesisi inaanza kusimama, kebini bado inakwenda. Kitambuzi cha mbele huipata habari hiyo mapema.

Hata hivyo hakiamui peke yake. Kompyuta yenyewe imefungwa sakafuni, katikati ya gari, mara nyingi chini ya plastiki iliyo kati ya viti vya mbele, usawa wa gia. Ndani yake kuna kitambuzi kingine, nayo hulinganisha taarifa zote. Ukitumbukia kwenye shimo, mshtuko ni mkali lakini mwendo wa gari haupungui sana, basi mfuko hautoki. Kinachopimwa ni kasi ya gari kusimama, na chombo cha kupimia siku hizi ni kipande cha silikoni chenye sehemu ndogo mno inayosogea gari linapokatishwa mwendo. Zamani ilikuwa gololi ya chuma iliyoshikwa na sumaku ndani ya kijibomba: mshtuko ukizidi nguvu ya sumaku, gololi inachomoka na kuunganisha umeme. Mmarekani Allen Breed ndiye aliyeibuni katika miaka ya 1960.

Magari yenye mifuko ya pembeni huwa na vitambuzi chini ya nguzo iliyo kati ya milango, na mengine ndani ya mlango wenyewe.

Sasa utaona kwa nini nina wasiwasi na ngao za chuma zinazofungwa mbele ya pikapu bila kujali zimetengenezwa kwa gari gani. Ngao ngumu iliyoshikana na chesisi hubadilisha namna pua inavyobonyea, na kompyuta ilifundishwa pua ile ya kiwandani. Kitambuzi kilichofungwa kwa bolti legevu, au kwenye chuma kilichonyooshwa vibaya baada ya ajali, nacho hupeleka habari potofu.

Ukitaka kuvitafuta mwenyewe, funga swichi, toa waya wa hasi wa betri na usubiri. Toyota hutaka angalau sekunde 90, kwa kuwa kompyuta huhifadhi umeme wa akiba. Usipime waya za mfuko kwa mita ya umeme, kwani umeme wake mdogo unaweza kuufyatua. Kwa ile pikapu ya rejeta, anza kwa kuangalia plagi mbili za mbele. Na taa ile ikiwa bado inawaka, endesha ukijua kwamba siku ya ajali mfuko unaweza usitoke.